Mgeni Asiye na Mdomo

Mjukuu wangu, mke mwenzangu, kaa unisikilize. Mimba imeingia mwezi wa tisa na najua simu yako haipumziki. Huyu anakuletea jina, yule anakuletea dawa, mwingine ndoto aliyoiota alfajiri. Mimi nina neno moja, na nakuomba ulishike mpaka mtoto ajue kusema mwenyewe.

Mgeni unayemngoja hana mdomo. Wa kunyonya anao, wa kulia anao, wa kukataa hana. Hawezi kusema yule ana mafua, asinibusu. Hawezi kusema hiki mlichoniwekea kitovuni kinaniwasha. Akipewa atameza, akipakwa atapakwa, akikatwa atakatwa. Mdomo wake ni wewe na mumeo.

Nakusihi, mwanangu, anza kuufundisha kazi mdomo huo sasa hivi, kabla uchungu haujakushika. Siku ile utakuwa umechoka, pengine umeshonwa, na nyumba imejaa watu wazima wenye sauti kubwa kuliko yako. Mtu aliyechoka hukubali lolote ili aachwe alale.

Na watu wazima wenyewe ni sisi. Hatari kubwa ya mtoto mchanga haipiti dirishani usiku. Huingia mlangoni mchana, imejifunga khanga mpya, imebeba mchele na sukari, inapiga vigelegele. Inampenda mtoto kwelikweli, na hapo ndipo ugumu wa kuikatalia ulipo.

Mimi husema hivi: mgeni asiye na mdomo husemewa na mwenye nyumba.

Kitovu kwanza, maana hapo ndipo nilipoona mengi.

Zamani kwetu Ngamiani kila nyumba ilikuwa na dawa yake ya kitovu. Wengine majivu, wengine unga wa mkaa, wengine chumvi na mafuta ya kupikia, wengine mate ya bibi kabla hajapiga mswaki. Walikofuga, kinyesi cha ng'ombe. Na kila dawa ilikuwa na mtetezi wake: mbona wewe ulipakwa na umekua?

Nimekaa kitandani na mtoto aliyepakwa. Alizaliwa mzima, sauti nzito, ananyonya kwa pupa mpaka mama yake anacheka. Siku ya sita akalikataa titi. Njaa anayo, analia, lakini ukimwekea chuchu midomo haifunguki, imekaza, inavutika pembeni. Mlango ukibamizwa mwili wote unakakamaa, mgongo unapinda kwa nyuma, ngumi zinafumbwa. Mama yake akimwita kwa jina, sauti ile ile ndiyo inayomkakamaza.

Mtu mmoja mle ndani akasema ni shetani wa baharini, akatafutwa jogoo. Jogoo alipatikana kabla ya gari. Ile ilikuwa pepopunda, mjukuu wangu, na kwa mtoto mchanga haingoji jogoo.

Ninyi wa leo wengi hamjaiona, na alhamdulillahi. Ile sindano mliyochomwa begani mkienda kliniki na mimba zenu ndiyo inayoizuia. Lakini vijidudu vyake havikuhama nchi. Vimo kwenye udongo, vimo kwenye kinyesi cha wanyama, vinangoja kitovu kibichi na mkono wenye nia njema.

Kiache kitovu. Nakuomba, kiache. Kikae kikavu, nepi uikunje chini yake isikifunike, kitadondoka chenyewe, mara nyingi ndani ya wiki mbili. Hospitali wakikupa dawa yao ya kupaka, paka hiyo na uishie hapo. Ngozi ya pembeni ikiwa nyekundu, au pakitoka usaha na harufu, usingoje kesho.

Na usiwaache wamkimbize bafuni akiwa bado na joto la tumboni. Kuoga kungoje angalau saa 24. Ule utando mweupe mwilini mwake si uchafu.

Sasa twende kwenye kinywa, ambako kila mtu anataka kutia kitu.

Maziwa ya mwanzo, yale mazito ya manjano, dang'a, utaambiwa ni machafu, yakamue uyamwage. Usimwage hata tone. Ndiyo kinga yake ya kwanza duniani. Mweke titini ndani ya saa moja tangu azaliwe, hata kama unaona hakitoki kitu. Tumbo lake siku hiyo ni dogo kama kunazi, matone yanalitosha.

Joto la Tanga na la Dar es Salaam tunalijua. Atakuja mtu aseme mtoto ana kiu, mpe maji, kijiko kimoja tu. Kataa hicho kijiko. Maziwa yako zaidi ya asilimia 80 ni maji, tena maji yasiyohitaji kuchemshwa. Miezi 6 ya mwanzo haitaki kingine, isipokuwa dawa aliyoandika mganga wa hospitali.

Watakutisha pia kwamba maziwa hayatoshi kwa kuwa analia. Mtoto hulia. Wewe hesabu nepi. Akishavuka wiki ya kwanza akilowesha 6 au zaidi kwa siku, anashiba huyo, waache waseme.

Jioni atakunja miguu, atakuwa mwekundu, atalia mpaka majirani wajue. Watasema chango. Zitaletwa chupa za dukani, itachemshwa mizizi, itachovywa asali. Asali kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka usimlambishe kabisa. Yaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli yake, hata ile ya kuvutia pumzi. Na mizizi ile, nani aliyeipima kwa figo za mtoto wa wiki tatu? Mweke begani. Mtembeze ukumbini. Kilio cha jioni huzidi mpaka karibu wiki ya 6, kisha hupungua chenyewe, na kwenye miezi 3 au 4 mtakuwa mmekisahau.

Wanaofuata sunna ya kumlambisha tende siwazuii, dini ni dini. Iwe ladha tu ufizini, kwa kidole kilichooshwa kwa sabuni, cha mtu asiye na kikohozi. Shehe mwenyewe ukimwambia anawe, atanawa.

Nakusihi sana kuhusu hawa wakataji. Hapa sina mzaha.

Mtoto akikohoa siku kadhaa, atatokea mtu mwenye uhakika atakuambia kimeo kimerefuka, kikatwe. Atakuelekeza kwa fundi nyuma ya soko, anayekata kwa chuma kile kile alichomkatia mtoto wa jana. Mwanangu, kikohozi hakitoki kwenye kimeo. Mtoto anayekatwa hurudi na kikohozi chake na kidonda juu yake. Wapo waliovuja damu usiku kucha. Wapo waliopata sumu ya damu kwa chuma kichafu. Mapafu yaliyokuwa yanaumwa hayakuguswa na mtu.

Lingine ni meno ya plastiki. Lilivuma sana miaka ya 1980 na mpaka leo halijafa. Mtoto ana homa, anaharisha, anafunuliwa mdomo, ufizi unaonekana na vijiuvimbe vyeupe. Basi, ndio ugonjwa, yachimbwe. Wanachimba kwa msumari au spoku ya baiskeli, bila ganzi, wanatoa kitu kidogo, cheupe, laini, wanakuwekea kiganjani: umeona?

Umeona, ndiyo. Ulichokiona ni chonge ya mwanao ambayo haijaota.

Na kuharisha kunaendelea kule kule, maji yanamwishia mwilini, na sasa mdomo unauma hataki kunyonya. Nawajua watu wazima leo wanaocheka na kiganja mdomoni kwa kuwa chonge zao zilitoka kombo au hazikutoka. Hao ndio waliobahatika. Ukiambiwa habari hiyo, hata kama anayesema ni dada wa mama yako, mchukue mwanao uondoke. Kumkatalia mkubwa ni aibu ya jioni moja. Kumkosa mtoto ni kilio cha umri.

Wanja usimtie machoni. Zipo aina zenye madini ya risasi, na risasi huingia kwenye akili ya mtoto ikakaa. Mvuje, ukitaka kutuliza roho za wakwe, ufungie kwenye nguo. Kamba shingoni mwa mtoto anayelala sitaki kuiona. Kijicho simo katika ubishi wake, lakini sijaona kamba iliyomwacha mtoto apumue kwa sababu ilifungwa kwa dua.

Tuje kwa wageni wenyewe.

Jumamosi hiyo naiona kabla haijafika. Sebule imejaa, viatu mlangoni vimepandana, udi unafuka, mtoto anapitishwa paja kwa paja. Wa kwanza amejipulizia manukato. Wa pili anamwacha na rangi ya mdomo shavuni. Wa tatu ana kikohozi anachokiita vumbi. Kijana wa jirani amepenga kamasi kwa mkono, sasa ameshika vidole vya mchanga, na vidole vya mchanga vinakwenda mdomoni. Anayemaliza anamkunjia noti ya hongera kiganjani, noti iliyotoka kwa konda wa daladala asubuhi ile.

Wewe umekaa pembeni unatabasamu, mshono unauma, titi limejaa linavuja, na mtoto hajafika kwako tangu adhuhuri.

Mapenzi yasiyonawa huacha ugonjwa. Weka ndoo yenye koki na sabuni mlangoni, na anayenawesha watu awe mumeo, asiwe wewe. Noti iwekwe mezani. Mwenye mafua asalimie kwa dirishani, atarudi akipona. Busu la mdomoni na la mikononi lisiwepo kwa mtu yeyote: kile kijidonda cha homa mdomoni mwa mtu mzima, kinachompita yeye kwa wiki moja, kwa mchanga kinaweza kuwa kifo. Anayetaka kubusu, abusu nyayo zikiwa kwenye soksi.

Watanuna. Waache wanune. Akinuna leo, kwenye arobaini atakuja na sahani yake.

Na simu, jamani. Mtoto hajakaushwa nywele, tayari ameanikwa mtandaoni. Shangazi wa Maskati anajua ni wa kike au wa kiume kabla ya babu aliyekaa barabara ya pili kutoka hospitali. Picha yake ya uchi bafuni mtu hawezi kuirudisha akishaitupa huko. Naye atakua, mjukuu wangu, atakuwa na rafiki, na mchumba, na adui. Hakuulizwa. Mngoje walau awe na nguo.

Na baridi nayo. Wa Lushoto na wa Njombe, na popote penye baridi, hili nalisema kwa wote: jiko la mkaa lisilale chumbani na mzazi. Hewa ya mkaa inayoua haina harufu wala rangi. Familia inafunga madirisha mtoto asipigwe na baridi, asubuhi wanabisha hodi haitikiwi. Joto la mtoto ni kifua cha mtu. Mvue, mweke ngozi kwa ngozi kifuani kwako, kofia kichwani, khanga juu yenu. Madaktari wa Bogotá, Colombia, mwaka 1978 walianza kuwafunga watoto njiti hivyo kwa mama zao kwa uhaba wa mashine, na mpaka leo hospitali zetu zinafundisha njia hiyo. Baba naye ana kifua.

Nikuulize jambo. Wageni wote hao wamekuja kumwona nani?

Tunasema tunakwenda kumwona mzazi. Tukifika tunamfuata mtoto. Mzazi anaulizwa tu mtoto anafanana na nani, kisha anaombwa chai.

Nakuomba, mwanangu, usikubali kusahauliwa ndani ya nyumba yako. Huyo aliyezaa ndiye anayetoka damu. Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua kunaua kina mama kuliko tatizo jingine lolote la uzazi, na huanza huku watu wanapiga vigelegele ukumbini. Kitambaa kikilowa chapachapa kabla saa haijaisha, sema kwa sauti. Homa, harufu mbaya ukeni, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana, sema. Kichwa kikigonga sana, macho yakaona ukungu, sema upesi zaidi: kifafa cha mimba watu hudhani kimekwisha mtoto akitoka, kumbe kinaweza kuja hata siku au wiki kadhaa baadaye.

Wasikuambie ni uzazi tu, vumilia. Uzazi haumfanyi mtu aone ukungu.

Chakula ule. Uji wa pilipili manga, bokoboko, supu ya samaki. Mumeo Mchaga atakuletea mtori, kula na huo, hauna ubaya. Katika hilo Wachaga wametushinda: mzazi wao anakaa ndani miezi, analishwa, analala, hashiki ufagio. Sisi wa pwani tunasema arobaini, lakini siku ya kumi tunamwona uani anafua.

Kukandwa nako kuwe kwa kiasi. Maji ya uvuguvugu, mgongo, miguu, kiuno. Maji ya kubabua tumboni niliyaona yakimwacha mwanamke na malengelenge, naye anaambiwa damu chafu inatoka. Aliyepasuliwa, tumbo lake lisiguswe.

Kuna ugonjwa mwingine ambao hauna damu. Utamkuta mama kakaa ukingoni mwa kitanda, mtoto analia mapajani, naye anatazama ukuta. Chai imepoa na utando juu. Ukimwita anaitika, lakini macho hayaji. Siku za mwanzo kulia ovyo ni kawaida, hupita. Ikifika wiki mbili hakujapita, hapati usingizi hata mtoto akilala, anasema bora nisingekuwepo, hiyo ni sonona na inatibika hospitali. Nimesikia akiitwa mvivu. Nimesikia akiambiwa hana shukrani, wenzio wanatafuta watoto kwa waganga. Kila neno la namna hiyo linamsukuma hatua moja, na wapo waliosukumwa mpaka mwisho.

Likikufika, usilifiche kwa heshima ya ukoo. Niambie mimi. Mwambie nesi.

Na wewe, mume wangu wa pili, usijifanye humo. Kaa vizuri nikuambie.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imempa mkeo likizo ya uzazi ya siku 84 zenye malipo, siku 100 wakizaliwa zaidi ya mmoja. Wewe imekupa siku 3, uzichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Siku 3! Aliyeandika sheria hakuwahi kufua nepi, hilo halina shaka. Lakini hizo 3 ni zako, na nimewaona wanaume wakizimalizia kijiweni, wanapokea hongera kwa mikono miwili, soda mkononi, wakati nyumbani aliyeshonwa anajichotea maji.

Nakusihi, baba, zichukue na uzikae. Chota maji. Pika. Mpokee mtoto saa nane usiku mkeo alale japo saa mbili mfululizo. Anayekuja na ushauri aje na ndoo ya maji, na hilo linakuhusu wewe kabla ya mama yako.

Mama yako akisema neno kwa mkeo, wewe ndiye wa kulijibu. Mke akimjibu mama mkwe, ugomvi unakaa miaka. Mwana akimjibu mama yake, unakwisha kabla ya magharibi.

Na jingine, lisikutie aibu. Mtoto akidhoofu, akawa na kichwa kikubwa na miguu myembamba, hatembei kwa wakati wake, watanong'ona kuwa amebemendwa, kwamba ninyi wawili mmelala pamoja mapema au mmoja ametoka nje. Aibu hiyo imezika watoto. Mama anamficha ndani asisemwe, anamwogesha dawa gizani, na mtoto anayehitaji chakula na kipimo cha damu anakaa mwezi mzima hajaonwa na daktari. Mtoto hadhoofu kwa unyumba wa wazazi wake. Hudhoofu kwa njaa, kwa minyoo, kwa kifua kikuu, kwa ugonjwa wenye jina na dawa. Mpeleke mchana kweupe.

Unyumba wenyewe ungojee mwili wake upone na yeye aseme ndiyo. Halafu mwende kliniki mwulize uzazi wa mpango mapema. Mimba huweza kuingia kabla hajaona siku zake, na mimba juu ya mtoto anayenyonya inawachosha watatu.

Mkubwa wenu wa miaka mitatu, msimfukuze chumbani. Mpeni kazi ya kuleta nepi. Asiambiwe kwamba ametolewa titini kwa ajili ya mwenzake, hata kwa utani. Utani huo mtoto huuamini.

Kadi ya kliniki isipotee. Chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio mwanzoni tu, kisha wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha surua miezi 9 na tena miezi 18. Cheti cha kuzaliwa mkishughulikie ofisi ya usajili, RITA, ndani ya siku 90, msije kuzunguka na viapo siku ya kumwandikisha shule. Alale chali, ndani ya chandarua, bila mto.

Na mzijue hizi kwa moyo, wote wawili, maana hazingoji jogoo wala mkutano wa familia: ameacha kunyonya, anapumua mbio, pumzi 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, ana degedege, mwili wa moto au wa baridi, amelegea haamki mpaka aguswe, manjano imefika viganjani na nyayoni. Ukimwona na moja tu, bodaboda, bajaji, gari la jirani, chochote. Manjano hiyo msimwanike juani mkangoja. Ikizidi huingia kwenye ubongo, na mtoto aliyekuwa anasikia hasikii tena.

Akika mkiwa na uwezo, mbuzi wawili kwa mtoto wa kiume, mmoja kwa wa kike. Msipokuwa na uwezo, msikope. Nimeona maulidi ya arobaini yenye turubai, vipaza sauti na pilau sufuria tano, na baada ya wiki ile mama mzazi anakunywa chai kavu kwa kuwa deni la turubai halijaisha. Mtoto hakula hata punje ya pilau ile. Mama yake ndiye chakula chake, na mama alikuwa na njaa.

Nakuomba haya, mke mwenzangu, nakuomba na mumeo. Mlango unaofunguka kwa kila anayebisha haulindi kitu.

Mkinipigia simu kwamba uchungu umeanza, nitapanda basi la asubuhi. Nitakuja na pilipili manga, nazi, na khanga mbili za kubebea. Nitafika nimechoka na nina hamu naye, nitataka kumchukua hapo hapo na vumbi langu la njiani. Niambie ninawe. Nikibishana, nikakuambia mimi ndiye niliyemlea mama yako, niambie tena ninawe.